Curtis Mayfield na muuza unga wa Harlem: uchambuzi wa kisa cha mwaka 1972

Mtunzi anapewa kazi ya kutia muziki kwenye filamu. Anasoma muswada, unamvutia, anakubali. Baadaye anaonyeshwa picha zilizokwisha kupigwa na anakuta habari nyingine kabisa: stelingi ananusa kokeini kila ukigeuka, anavaa makoti ya bei mbaya, anaendesha Cadillac Eldorado, wanawake wanamgombea, na mwisho wa yote anaondoka na fedha zake bila kufikishwa popote. Mtunzi mwenyewe amekulia kwenye nyumba za watu maskini, za aina ile ile ambako unga unamaliza vijana. Na mbele ya umma jina lake ni la mtu anayeimba haki na heshima ya watu weusi. Afanye nini?

Hayo ndiyo yaliyomkuta Curtis Mayfield, mwimbaji na mtunzi wa Kimarekani, na filamu yenyewe ni Super Fly. Maisha yake yana mengi ya kusimulia, lakini nimeng'ang'ania kisa hiki kimoja kwa sababu hapa vilipimwa kwa pamoja vitu vyote alivyokuwa navyo: sauti, gitaa, malezi ya kanisani, na kile ambacho wanaomsifia hukisahau, yaani kampuni yake.

Alikotoka

Alizaliwa Chicago tarehe 3 Juni 1942. Baba aliondoka Curtis angali mtoto mdogo, na mama yake, Marion, alihangaika na watoto kutoka nyumba hii hadi ile, mpaka wakapata mahali Cabrini, nyumba za serikali upande wa kaskazini wa jiji, ambazo baadaye Marekani nzima ilizijua kwa jina la Cabrini-Green. Bibi yake mzaa baba, Annie Bell, alikuwa mchungaji wa kanisa lake mwenyewe, Traveling Soul Spiritualist. Ukitaka kujua kwa nini nyimbo za Mayfield hazimfokei mtu hata zinapomshutumu, anzia kwenye kanisa hilo. Mhubiri wa namna ile anamsema mlevi mbele ya mkewe na watoto wake, na wiki ijayo mlevi anarudi kukaa benchi lile lile, kwa sababu amesemwa kama mtu wa nyumbani. Katika mazingira hayo ya injili ndipo Curtis alipokutana na Jerry Butler, na wawili hao wakaja kuimba pamoja katika kundi la The Impressions.

Gitaa alijifundisha mwenyewe. Alikuwa amezoea kubonyeza vibao vyeusi vya piano, basi alipopata gitaa hakuuliza mtu nyuzi zinakazwaje. Alizikaza mpaka zikatoa sauti za vibao vile vile vyeusi, katika ufunguo wa F#, kiasi kwamba ukizipapasa zote bila kubana hata kidole kimoja tayari zimekwisha patana. Alibaki na mkazo huo maisha yake yote. Mpiga gitaa mwingine aliyejaribu kushika gitaa lake angepotea papo hapo. Nalitaja hili si kwa ajili ya mashabiki wa vyombo tu. Linaonyesha tabia ya mtu: hakusubiri kuelekezwa jinsi wengine wanavyofanya.

The Impressions walipata wimbo wao wa kwanza mkubwa mwaka 1958, Mayfield akiwa na miaka 16, kisha Butler akajitenga. Mayfield akamfuata kama mpiga gitaa wake, akaweka akiba, akalirudisha kundi studio, na mwaka 1961 Gypsy Woman ukawainua tena. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyetunga. Keep On Pushing ulitoka mwaka 1964, mwaka ule ule Sheria ya Haki za Kiraia iliposainiwa, na waandamanaji wakauchukua kama wao. Mwaka 1965 ukaja People Get Ready, wimbo wa treni isiyodai tiketi, unaoweza kuimbwa Jumapili kanisani na Jumatatu kwenye maandamano bila kubadilisha neno. Mwishoni mwa 1967 akatoa We're a Winner, na hapo kitambaa cha kanisa kikavuliwa: huu ulikuwa wimbo wa watu weusi kujisifu wazi wazi. Baadhi ya vituo vya redio vilikataa kuupiga. Ulifika namba moja kwenye chati ya R&B, yaani chati ya muziki wa watu weusi, hata hivyo.

Karatasi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, angali kijana ambaye wenzake wa umri ule walikuwa wakisaini chochote wanachowekewa mezani, Mayfield alikwisha anzisha kampuni ya kushika haki za nyimbo zake. Enzi hizo mwanamuziki mweusi aliyekuwa na wimbo unaovuma mara nyingi alilipwa fedha ya mkononi, pengine na gari, na wimbo ukabaki mali ya mwenye lebo. Mwaka 1968 akaenda mbali zaidi: yeye na meneja wake Eddie Thomas wakaanzisha lebo ya Curtom, jina lililounganishwa kutoka Curtis na Thomas, na usambazaji wakawaachia Buddah Records. Mwimbaji Donny Hathaway alipitia kwenye kazi za Curtom kabla dunia haijamjua. Mwaka 1970 Mayfield aliondoka The Impressions akatoa albamu yake ya kwanza peke yake, inayofunguka kwa wimbo unaowaambia weupe na weusi, polisi na wanaowaunga mkono, kwamba kama Jehanamu ipo basi safari ni ya wote. Jaribu kumfikiria mkurugenzi wa lebo kubwa akiuidhinisha huo uwe wimbo wa kwanza wa albamu. Mayfield hakuwa na wa kumwomba ruhusa.

Faida ya karatasi hizo inaonekana hata huku kwetu. One Love ya Bob Marley tunaijua sote; inapigwa kwenye daladala, hotelini Zanzibar, harusini. Marley na wenzake walianza wakiiga mno uimbaji wa The Impressions, na toleo la kwanza la wimbo huo, la miaka ya 1960 kule Jamaika, lilikopa kutoka People Get Ready bila kumtaja mtu. Lilipotoka toleo la mwaka 1977 kwenye albamu ya Exodus, jina la wimbo liliandikwa One Love/People Get Ready, na Mayfield akatajwa kama mtunzi mwenza. Haukuwa ukarimu. Wimbo ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na hati.

Muswada na picha

Turudi 1972. Mwandishi Phillip Fenty na mtayarishaji Sig Shore walimfuata Mayfield alipokuwa akitumbuiza Lincoln Center, New York, wakamkabidhi muswada. Hadithi ni ya Youngblood Priest, muuza kokeini wa Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, anayetaka kuacha. Mpango wake ni kuuza kilo 30 za mwisho ndani ya miezi minne, yeye na mshirika wake Eddie wavune dola milioni moja, kisha astaafu. Wanaomzuia si polisi waadilifu. Ni polisi wakubwa ambao ndio wenye mzigo wenyewe.

Kwa haki, muswada huo haukuwa wa kijinga. Ulikuwa unauliza kijana mweusi wa mjini ana mlango gani mwingine wa kupata fedha, na ulikuwa unasema wazi kwamba biashara ile haiwezi kusimama bila mikono ya wenye vyeo. Mtu aliyetoka Cabrini hakuhitaji kushawishiwa juu ya hilo. Mwaka mmoja nyuma, Juni 1971, Rais Nixon alikuwa ametangaza kwamba matumizi ya dawa za kulevya ndiyo adui namba moja wa nchi, na kila mtu mtaani alijua adui huyo angesakwa kwenye vibaraza vya nani.

Tatizo ni kwamba muswada haunusi. Mayfield mwenyewe alieleza baadaye kwamba ukisoma karatasi hukutani na mtu anayerudia kuvuta poda kila baada ya ukurasa, ila ukikaa mbele ya picha unaona hivyo tu, na aliona filamu imekuwa kama tangazo la biashara ya kokeini. Gordon Parks Jr., mwongozaji, alikuwa mpiga picha, na jicho lake lilipenda vitu vizuri: ngozi, manyoya, rangi ya gari, moshi. Kamera ikimpenda mtu, watazamaji nao wanampenda.

Mayfield alikuwa na njia tatu. Angejitoa, na filamu ingepata mtunzi mwingine ambaye pengine asingejali. Angepokea fedha, akatia midundo ya kukimbizana kwa magari, akanyamaza. Njia ya tatu ndiyo aliyoichagua: kubaki ndani ya filamu na kuipinga kutoka humo.

Freddie

Katika filamu kuna mtu mdogo anayeitwa Fat Freddie. Ni mmoja wa wanaomsambazia Priest mzigo, mnene, mwoga kidogo, ana mke anayempenda, na anadaiwa fedha. Priest, stelingi wetu, anamtishia kwamba asipozileta mkewe atapelekwa barabarani kujiuza. Freddie anahangaika, anakamatwa, anapigwa na polisi mpaka anataja majina. Anajaribu kutoroka, anagongwa na gari, anakufa. Yote hayo yanapita haraka. Filamu haina muda wa kumlilia kwa sababu Priest ana dili la kumaliza.

Mayfield alimchukua mtu huyo ambaye filamu ilimpita, akampa wimbo mkubwa kuliko yote. Freddie's Dead unaanza pale ambapo maisha ya Freddie yameishia. Amekwisha kufa, na mwimbaji anawageukia waliobaki. Kila mtu alimtumia, wanasema ni hasara, kisha wanaendelea na mambo yao. Besi ya Lucky Scott inatembea kwa hatua nzito, tumba za Henry Gibson zinacheza juu yake, gitaa la wah-wah, lenye kifaa cha kupindapinda sauti, linajibu kama mtu anayeguna, na nyuzi za okestra zilizopangwa na Johnny Pate zinapanda kila mara unapodhani zimeisha. Juu ya yote hayo ipo sauti nyembamba ya juu ya Mayfield, laini, karibu ya kubembeleza, inayokwambia kwamba jirani yako amekufa na wewe ulikuwepo.

Nimesikia watu wakiusikiliza wimbo huu miaka nenda miaka rudi kama wimbo wa kucheza tu. Siwalaumu, unachezeka. Lakini sikiliza nani anasemwa ndani yake. Priest hatajwi. Polisi hawatajwi. Anasemwa msikilizaji.

Nyimbo nyingine zinafuata mbinu hiyo hiyo kwa pembe tofauti. Albamu inafunguka na mtoto anayekua bila wa kumwangalia, yaani Priest kabla hajawa Priest. Eddie, mshirika anayeona kwamba biashara hii ndiyo bora mtu mweusi awezayo kuipata, ana wimbo wake mfupi wa kuonywa kama ndugu anavyoonywa na kaka. Upo pia wimbo wa mtu anayefurahia kwamba unga haujamshika, na huo, nitasema ukweli, ndio dhaifu kuliko yote, kwa sababu ndio pekee unaohubiri moja kwa moja.

Mgumu kuuamua ni Pusherman. Humo Mayfield anaimba kwa kinywa cha muuza unga mwenyewe, anayejinadi kwa mteja kuwa ni kila kitu kwake, kuanzia mzazi hadi daktari. Mdundo ni mtamu kupita kiasi. Mayfield na bendi yake wanaonekana wakiupiga klabuni ndani ya filamu, na unasikika tena juu ya mfululizo wa picha mnato zinazofuata poda kutoka jikoni inakopimwa hadi kwenye pua za watu wa kila tabaka, weusi kwa weupe. Je, wimbo huu unamshtaki muuza unga au unamtangaza? Nadhani unafanya yote mawili, na Mayfield alijua. Teja hanaswi na kitu kichungu. Kama wimbo ungekuwa mbaya ungekuwa unadanganya kuhusu jinsi watu wanavyonaswa. Lakini anayecheza mchezo huo hana budi kukubali kwamba baadhi ya wasikilizaji watabaki na utamu peke yake.

Maneno yaliyoachwa nje

Sasa ndiyo sehemu inayofanya kisa hiki kiwe cha karatasi kama kilivyo cha muziki. Freddie's Dead unasikika ndani ya filamu, lakini ni ala tupu. Maneno hayamo. Filamu ilichukua mdundo, ikaacha hukumu. Na kwa sababu maneno hayakuimbwa kwenye filamu, wimbo huo uliokuwa ukipigwa nchi nzima haukukubaliwa kushindania tuzo ya Oscar ya wimbo bora.

Kama Mayfield angekuwa mtunzi wa kukodiwa, habari ingeishia hapo. Studio ingekuwa na mdundo, na maneno yangebaki kwenye daftari lake. Lakini nyimbo zilikuwa zake na lebo ilikuwa yake. Albamu ya Super Fly ilitoka kupitia Curtom Julai 1972, na filamu ikaingia kumbi za sinema Agosti. Watu wengi walimsikia Freddie redioni kabla hawajamwona akigongwa. Waliingia ukumbini na hukumu tayari masikioni, picha ikalazimika kushindana nayo.

Matokeo ya kifedha hayana ubishi. Albamu ilishika namba moja Marekani kwa wiki nne kuanzia Oktoba. Freddie's Dead ulifika namba 4 kwenye chati kuu na wimbo uliobeba jina la filamu, Superfly, namba 8, na kila mmoja uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Filamu iliyotengenezwa kwa chini ya nusu milioni ya dola ilivuna mamilioni, na bado husemwa mara kwa mara kwamba muziki wake uliingiza fedha kuliko filamu yenyewe.

Upande wa jamii mambo hayakuwa mepesi hivyo. Junius Griffin, kiongozi wa tawi la Hollywood la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, aliishambulia filamu hiyo mwezi ule ule wa Agosti, na neno blaxploitation, la filamu zinazowachuma watu weusi kwa kuwaonyesha kama wahuni, likaenea katika mabishano hayo. Vijana walinunua makoti ya Priest, wakaweka nywele za Priest. Na muziki wa Mayfield, hata ukiwa na maneno yake, ndio uliomfanya Priest aingie chumbani akiwa na mdundo wa mfalme. Siamini kwamba aliifuta sumu ya picha ile. Aliweka dawa kando yake, kwenye chupa inayofanana, na akaiacha imfikie yeyote aliyetaka kusikiliza zaidi ya besi.

Kuna doa jingine. Johnny Pate, aliyepanga okestra na ambaye bila yeye albamu ile ingekuwa nusu ya ilivyo, alilalamika baadaye kwamba vipande vya ala tupu vilivyo kwenye albamu vilikuwa kazi yake, lakini karatasi zikamwandika Mayfield peke yake. Mtu aliyejifunza mapema kwamba mwenye hati ndiye mwenye wimbo anaweza pia kuwa upande wa pili wa meza. Wanaomchora Mayfield kama mtakatifu wa hakimiliki huruka ukurasa huo.

Baada ya hapo

Mbinu ya Super Fly ilimpa kazi. Aliandika muziki wa filamu Claudine kwa Gladys Knight & the Pips mwaka 1974, wa Let's Do It Again kwa The Staple Singers mwaka 1975, na wa Sparkle kwa Aretha Franklin mwaka 1976. Kwa jina lake alitoa Back to the World mwaka 1973, juu ya askari anayerudi kutoka Vietnam na kukuta nyumbani hakuna anayemsubiri, na mwaka 1975 There's No Place Like America Today, albamu ya kimya na ya huzuni ambayo mimi naiweka karibu sana na Super Fly ingawa haikuuza hata karibu yake. Kisha disko ikaja, Curtom ikafifia hadi kufungwa, naye akahamia Atlanta.

Nyimbo zikaendelea bila yeye. Mwaka 1988 rapa Ice-T alichukua Pusherman akaugeuza: muuzaji wa wimbo wake anauza muziki, na mteja anayeulizia unga anafukuzwa. Kijana wa Los Angeles alikuwa amesikia kilichokuwa kwenye chupa. Mwaka 1990 wawili hao wakarekodi pamoja toleo jipya la Superfly kwa ajili ya filamu ya mwendelezo, ambayo leo ni wachache wanaoikumbuka.

Tarehe 13 Agosti 1990 Mayfield alikuwa akipanda jukwaani kwenye tamasha la wazi Wingate Field, Brooklyn. Upepo mkali ulivuma, mtambo wa taa ukaanguka, ukampiga. Alipooza kuanzia shingoni kwenda chini. Gitaa la vibao vyeusi halikupigwa naye tena.

Miaka sita baadaye alitoa New World Order. Akikaa wima mapafu hayakuwa na nguvu ya kusukuma sauti, hivyo alirekodi amelala chali, uzito wa mwili ukimsaidia kutoa pumzi, mstari mmoja, apumzike, mstari mwingine, na watu wa studio wakaiunganisha mistari hiyo kuwa wimbo. Aretha Franklin na Mavis Staples walikuja kuimba naye. Albamu iliteuliwa kuwania tuzo ya muziki ya Grammy. Mwaka 1998 kisukari kilimlazimu kukatwa mguu wa kulia, na tarehe 26 Desemba 1999 alifariki Roswell, Georgia, akiwa na miaka 57.